Sukari katika Damu ya Bela

Mwaka jana, siku ya hitima ya Daktari Vuai, nilikaa upande wa wanawake, kwenye jamvi karibu na mlango wa jikoni, pale ambapo moshi wa kuni ulituuma macho hata asiyelia akaonekana analia. Binti yake mkubwa, ambaye naye ni daktari lakini wa watu, alikuja kunipa mkono, akainama akaninong'oneza: "Bi Mize, nnataka kukuuliza jambo, na najua leo si siku yake. Ni kweli baba alimpasua mbwa juu ya meza ya kulia chakula, huko Baghani, na fundi wa kanzu amesimama mlangoni anamsomea dua?" Nikamwambia ni kweli, ila fundi hakusimama mlangoni, alikaa kwenye ngazi, na dua alikuwa akiisoma kimoyomoyo, kwa sababu hakuwa na hakika kama inajuzu. Yule mtoto akaziba mdomo kwa ushungi asije akacheka mbele ya watu waliokuja kumsomea baba yake. Mimi nilicheka wazi. Nimeshafika umri ambao mtu akicheka kwenye hitima watu husema maskini, uzee huo.

Tangu siku ile mwaka ule wa Baghani umekuwa ukinirudia, na haurudi kwa mpangilio. Kwanza huja harufu ya spiriti, kisha sauti ya saa ya ukutani iliyokuwa ikichelewa, kisha ndiyo nyuso. Ulikuwa mwaka wa sabini. Nyumba ndefu za Michenzani zilikuwa ndiyo kwanza zinainuka, na sisi vijana tukenda jioni kuzitazama kama watu wanavyokwenda kutazama meli. Mimi nilikuwa msichana wa Bwejuu niliyepata kazi katika maabara ya mifugo, nje kidogo ya mji. Kazi yangu ilikuwa kupaka damu ya ng'ombe kwenye vioo na kutafuta wadudu wa ndigana, homa iletwayo na kupe, kwa darubini, na kusema kweli niliiona kazi ya kupitia tu, ya mwaka mmoja au miwili, mpaka nirejee kwetu. Nikapewa chumba katika nyumba kubwa ya Baghani ambayo wenyewe walikuwa wameshahama. Chumba changu kilikuwa ghorofa ya kwanza, kina dari ya boriti na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na ukuta wenyewe umekaribia hata ningeweza kunyoosha mkono nikaugusa. Nilikipenda chumba kile siku ya kwanza. Kilikuwa na ubaridi, na mlango wake ulikuwa mzito hata ukiufunga unahisi dunia imebaki nje.

Chini yangu, penye mlango wa njiani, alikuwa na duka lake la kushonea, na chumba cha kulala nyuma yake, Mzee Mdahoma, Mngazija, fundi wa kanzu. Watu walikuwa wakitoka mbali kuja kutiliwa darizi shingoni na mkono wake. Alikuwa mjane, mtu wa sala na usafi, na kitambaa cheupe kilikuwa kimemzunguka kila upande kama yuko ndani ya wingu. Juu yangu alikaa Bi Filomena, Mgoa, mwalimu aliyestaafu, aliyezaliwa katika nyumba ya mtaa uleule. Ndugu zake wote walikuwa wameshaondoka, mmoja mmoja, wa Mombasa kwenda Mombasa na wa Goa kwenda Goa, na kila mmoja alimwambia njoo. Yeye hakwenda. Alikuwa na vyumba viwili, picha ya Bikira Maria yenye taa ndogo, meza ya mvule ya watu wanane, na Bela. Bela alikuwa mbwa jike mweupe, sikio moja la hudhurungi, wa kimo cha mbuzi mchanga.

Ngazi ilikuwa moja. Bela akitaka kwenda nje lazima apite mlangoni kwangu, kisha mlangoni kwa Mzee Mdahoma, na hapo ndipo ugomvi ulipokuwa. Wazee wale wawili walikuwa hawasemezani kwa miaka, na mimi nilipohamia nikafanywa waya wa simu baina yao. "Mwambie bibi yako wa juu," Mzee Mdahoma angesema, jicho liko kwenye sindano, "mbwa wake kapita hapa na nywele zimerowa, na mimi nna kanzu ya bwana harusi nimeitandika." Nikipanda juu Bi Filomena ananijibu: "Mwambie fundi wako wa chini, mbwa wangu anapita njiani, hapiti dukani. Kama njia ni yake atuoneshe hati." Mimi mwenyewe nilikuwa na hadhari zangu. Nyumbani nilifundishwa kwamba kavu kwa kavu haichafui, lakini ute na majimaji ya mbwa ni najisi nzito, kuosha mara saba, moja kwa udongo. Basi Bela akishuka mimi hujibana ukutani na kukusanya buibui langu, naye hunipita kwa adabu, macho chini, kama mtu anayejua hapendwi na hataki kuleta tabu.

Asubuhi moja, ilikuwa karibu na mwisho wa masika, nilikuwa natoka kwenda kazini Mzee Mdahoma akaniita. Sauti yake haikuwa ile ya malalamiko.

"Mize."

"Naam. Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Njoo uangalie hapa."

Alinionesha pembe ya ukuta, nje, pale Bela alipozoea kukojoa. Mstari wa sisimizi ulikuwa umetoka kwenye ufa ukenda mpaka pale, na pale wamejaa weusi, wanahangaika kama wamepata karamu.

"Wawaona?"

"Nawaona."

"Walikuja vivi hivi chooni kwangu, mwaka aliokufa mke wangu. Nikawamwagia majivu, wakarudi. Nikawamwagia mafuta ya taa, wakarudi. Hospitali wakanambia, mzee, hao hawana kosa, wewe ndiye unayewatilia sukari." Akauzungusha uzi kidoleni. "Mbwa huyu ana maradhi yangu. Na siku hizi namsikia anavyokunywa maji huko juu, usiku kucha, lap, lap, lap. Mwambie mwenyewe."

Nilipanda nikamwambia. Bi Filomena alikuwa anakunywa chai, na Bela amelala chini ya meza juu ya gunia, mbavu zimeanza kuonekana. Alinitazama kama nimemtukana. "Sukari? Sukari gani, Mize? Mimi mwenyewe naipata kwa foleni, robo robo, mbwa aipate wapi?" Kisha akageuka akalitazama bakuli la maji, ambalo alikuwa amelijaza muda si mrefu na sasa liko tupu, akaweka kikombe chini. "Kala sana wiki hizi," alisema polepole. "Anakula na anakonda. Nikadhani minyoo." Nilipoinama kumtazama Bela karibu nilisikia pumzi yake ina harufu ya nanasi lililoachwa likapita kuiva. Nikaomba kopo safi, nikamsubiri aende nje kukojoa.

Daktari Vuai, daktari wa mifugo wa maabara yetu, ndiyo kwanza alikuwa amerudi masomoni Ulaya. Mtu wa Tumbatu, mwembamba, mchache wa maneno, alivaa koti jeupe lililomzidi. Nilipomweleza habari ya sisimizi hakucheka. Alichukua dawa ya buluu kwenye mrija wa kioo, akatia matone ya mkojo wa Bela, akachemsha. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, na kabla sijapata kusema kitu ikawa nyekundu ya matofali. "Huu ni mkojo," akasema. "Mkojo ni habari ya jana. Unatwambia sukari ilimwagika, hautwambii damuni iko kiasi gani sasa hivi. Na figo mbovu nayo inaweza kumwaga sukari bila ya ugonjwa wenyewe. Nnataka damu, na awe hajala tangu jana."

Nilikuwa nimeshatoa damu za ng'ombe, na ng'ombe ni rahisi, mshipa wa shingo mnene kama kamba ya nanga. Mbwa ni mguu wa mbele, mshipa unateleza chini ya ngozi kama uzi wa mvuvi. Nilivaa glavu za mpira mpaka kiwiko. Bi Filomena akamkumbatia Bela kichwa, akawa anamwimbia kitu kwa lugha yao ya nyumbani, na mimi nikakosa mara ya kwanza, nikakosa na ya pili, na mbwa yule ananitazama tu. Mara ya tatu damu ikapanda kwenye bomba. Niliitia katika kichupa chenye chumvi ya dawa inayoizuia damu isile sukari yake yenyewe njiani, kwa sababu damu ikiachwa hivi hivi inaendelea kula, ukifika maabara unapima njaa yake, hupimi ugonjwa. Hilo nalo sikuwa nalijua kabla ya siku ile. Dawa za kupimia Daktari Vuai aliziomba kwa wenzake wa hospitali. Tukazichanganya, tukachemsha, rangi ikatokea, na tukaiweka kwenye mashine ya kusomea rangi. Kadiri sukari inavyozidi ndivyo rangi inavyokoza. Ya Bela ilikoza hata sindano ya mashine ikagonga mwisho wa kipimo, ikabidi tuizimue kwa maji na kuisoma upya.

"Mngazija wako yuko sawa," alisema Daktari. Kisha akavua miwani. "Dawa ipo, lakini insulini iliyoko hospitali ni ya watu, na haitoshi hata watu. Siwezi kwenda kuomba ya mbwa. Naona haya, na haya zangu ni za haki."

Hapo ndipo ningetarajia mambo yaishie. Bi Filomena alimwagizia ndugu yake wa Mombasa atafute chupa, lakini Mombasa ile haikuwa ya leo, mtu huagiza kitu akasahau kama aliagiza. Bela alikuwa anaishiwa nguvu, anapanda ngazi vidato viwili anakaa. Asubuhi moja nikasikia hatua nzito zinapita mlangoni kwangu kwenda juu. Nikachungulia. Alikuwa Mzee Mdahoma, ambaye katika nyumba ile hajapata kuvuka kidato cha kwanza, ameshika kitambaa cheupe kilichofungiwa kichupa kilichotoka majini, maana alikuwa akiihifadhi dawa yake ndani ya mtungi ili ipate baridi. Akasimama kwenye kizingiti cha Bi Filomena, haingii.

"Hodi."

Kutoka ndani: "Karibu."

"Nshakaribia, hapa panatosha. Bibi, mimi nna ziada. Hospitali wananipa zaidi ya haja yangu. Mwenye ziada akimnyima kiumbe ataulizwa."

Bi Filomena alitoka, nywele hazijachanwa. Walitazamana wale watu wawili, na miaka yote ya kutosemezana ikawatia haya. "Sijui kupiga sindano," alisema Bi Filomena. "Ntakufundisha kutoka hapa hapa," alisema Mzee Mdahoma, akakaa kwenye kidato cha juu cha ngazi, akamwonesha kwa kuchoma chungwa.

Basi ndivyo ulivyoanza utaratibu wetu. Kila asubuhi sindano ile ya kioo inachemshwa, Bela anadungwa kwenye ngozi ya shingo, kisha anapewa chakula chake, ambacho sasa kilikuwa vichwa vya samaki vya kuchemsha na utumbo, si tena mkate uliotoswa kwenye chai tamu kama alivyolelewa. Na mimi nachukua damu, mwanzo mara kwa mara, baadaye mara moja kwa wiki. Daktari Vuai alinifundisha kwamba kipimo kimoja ni sawa na kumwona mtu akipita dirishani, hujui anatoka wapi wala anakwenda wapi. Ukitaka kujua dawa inafanya nini lazima uifuate siku nzima: kabla ya sindano, kisha kila baada ya muda, uione sukari ikishuka, ijulikane inafika chini kabisa saa ngapi, na inaanza kupanda lini. Siku hizo nilikuwa naruhusiwa nisiende kazini. Nikashinda chumbani kwa Bi Filomena, na leo nikiulizwa siku gani za ujana wangu nilikuwa na raha, nitataja hizo, siku za kumchoma mbwa miguu.

Chumba kile kilikuwa na madirisha mawili yanayotazama baharini kwa mbali, kati ya mapaa ya bati, na jua likizunguka linahama kutoka kwenye meza kwenda kwenye kitanda. Saa ya ukutani ilichelewa, na Bi Filomena hakuitengeneza, alisema ameshazoea kujumlisha. Mchana alinipikia mchuzi wa samaki wa nazi na ukwaju, katika sufuria aliyoinunua mpya kwa ajili yangu na kuitundika msumari wake peke yake, ili nisiwe na wasiwasi. Sikumwomba. Nilipomshukuru alisema, "Mgeni akila na shaka, mpishi hajapika." Na Mzee Mdahoma, akishasali adhuhuri, alikuwa akifunga duka na kupanda, akakaa kwenye kidato chake kilekile, nje ya mlango, na kanzu mkononi anatia darizi. Mlango unaachwa wazi. Yeye nje, Bibi ndani kwenye kiti cha bembea, Bela katikati chini ya meza, na mimi pembeni nimeshika vichupa vyangu. Walidhani nimelala mara nyingine, nikawa nasikia.

"Mke wangu alikuwa akikupenda wewe," nilimsikia Mzee akisema siku moja.

"Mimi? Tulikuwa tunasalimiana tu."

"Akisema, yule Mgoa anacheka vizuri. Mimi nikamwambia, na mbwa wake je? Akasema, mbwa hamcheki mtu."

Bi Filomena akacheka, na kweli alikuwa anacheka vizuri, cheko la msichana. Kisha akauliza: "Alipokufa mbona hukunambia nije?" Mzee akavuta uzi. "Ningekwambia kupitia kwa nani? Mize alikuwa hajahamia."

Bela alinenepa kidogo. Manyoya yakarudi kung'aa, na rangi kwenye mashine ikawa inapungua ukali, haikuwa nzuri lakini ilikuwa ya kuishi. Nilianza kuijua damu yake kama mtu anavyomjua jirani. Nikaona namna inavyoasi akiiba mkate, namna inavyotulia akitembea jioni. Lakini wakati huohuo Mzee Mdahoma alianza kuchechemea. Alisema kiatu. Kisha akasema mwiba. Aliyegundua si mimi niliyekuwa na maabara, ni Bi Filomena, kutoka dirishani kwake, alipokuwa akianika nguo na kutazama ua wa chini, penye choo cha Mzee.

"Mize," aliniambia, uso umembadilika. "Sisimizi wamerudi. Lakini safari hii hawako kwa Bela."

Alishuka mwenyewe. Nilimfuata. Alisimama mlangoni pa duka, mikono kiunoni, kama yuko mbele ya darasa.

"Mzee Mdahoma, vua kiatu."

"Astaghafirullahi, bibi, mbele za watu?"

"Vua."

Alivua. Kidole kikubwa kilikuwa na kidonda cheusi pembeni, kimevimba. Bi Filomena alikitazama kwa muda. "Ziada gani?" alisema. "Nambie, ziada gani hiyo uliyokuwa nayo?"

Mzee alikuwa anakunja kitambaa na kukikunjua. "Nilikuwa natumia nusu. Nilidhani mtu mzima ana uvumilivu zaidi ya mnyama. Mnyama haelewi kwa nini ana kiu."

"Na wewe unaelewa kwa nini mguu unakatwa?" Machozi yalikuwa yanamtoka na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Sitamweka mbwa wangu hai kwa mguu wako. Dawa yako uirudie leo hii, yote, Mize atakusimamia. Bela namwita Daktari aje amlaze usingizi wa moja kwa moja. Ameishi vizuri."

Daktari Vuai alikuja siku ya pili. Alikuwa ameleta dawa ya kumlaza Bela katika mkoba wake, nilimwona akiitia. Alikaa kwenye kiti cha bembea na, kwa desturi yake, hakufungua mkoba kabla ya kuuliza. Bi Filomena akajibu kama mtu anayeaga. Kiu ilianza lini? Baada ya masika kuanza. Na kabla ya kiu, kulikuwa na nini? Akasita, akanitazama mimi, akamtazama Mzee aliyekuwa kwenye kidato chake na mguu umefungwa bendeji. "Kabla yake," alisema kwa aibu, "yalikuwa madume mlangoni. Zile siku zake." Na safari ya kabla ya hapo? Hapo Bi Filomena akafikiri. Akasema, ndiyo, hata safari ile, zilipopita siku zake, alikuwa akinywa maji sana kwa wiki chache, kisha ikakoma yenyewe, naye hakuitilia maanani.

Daktari aliinuka akenda dirishani. "Nilisoma jambo hili," alisema bila ya kugeuka. "Majike wengine, wakishatoka kwenye siku zao, mwili unatoa kitu kinachoizuia insulini yao wenyewe isifanye kazi. Ikijirudia sana, kongosho linaloitengeneza linachoka moja kwa moja. Lakini likiwahiwa kabla halijachoka, ukatoa kizazi, pengine linaamka. Pengine. Sina ahadi, Bi Filomena. Na sijawahi kufanya upasuaji huu peke yangu."

"Kama angekuwa wako?"

"Ningejaribu."

Kliniki yetu ilikuwa ya ng'ombe, sakafu ya vumbi. Daktari akachagua meza ya mvule, chini ya madirisha mawili, asubuhi nyeupe isiyo na wingu. Tuliisugua meza kwa maji ya moto na dawa mpaka ikapauka. Mimi nilikuwa nadondosha etha, dawa ya usingizi, kwenye kitambaa juu ya pua ya Bela, tone kwa tone, na kuangalia pumzi. Bi Filomena alikuwa amekwenda chumba cha pili, na nikawa nasikia chembe za tasbihi yake, na nje kwenye ngazi nikawa nasikia chembe za tasbihi nyingine. Sikuwa na nafasi ya kuogopa. Daktari alifanya kazi bila ya kusema kitu, jasho linamdondoka kidevuni, na alipomaliza kushona alisema neno moja tu, "Haya," akakaa sakafuni na koti lake.

Siku zilizofuata tulimwachia Bela dozi ndogo, kutoka kwenye chupa ya Mombasa, ambayo hatimaye ilifika mikononi mwa msafiri, moja tu, na imefungiwa ndani ya soksi. Sukari yake ilianza kushuka. Kwanza nilidhani nimekosea kupima, nikarudia. Ilishuka tena. Kisha ikaja ile siku, baada ya chakula cha mchana, niko chumbani kwangu nakunja nguo, nikasikia ukelele wa Bi Filomena. Nilipofika juu Bela alikuwa amelala ubavu, miguu inapiga hewa, povu mdomoni, macho yamegeuka. Nilijua amekufa au anakufa. Mikono yangu ilikwenda kwenye bomba la sindano, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokijua.

Mzee Mdahoma alipanda ngazi ile na kidonda chake kwa haraka ambayo sijui ilitoka wapi. Safari hii hakusimama kizingitini.

"Hii naijua," alisema, anahema. "Huku ni kushuka kwa sukari. Hunijia na mimi."

"Ngoja nipime, Mzee."

"Wewe pima, mwanangu. Mimi nampa."

Mfukoni mwa kanzu yake alikuwa na karatasi iliyosokotwa yenye sukari, hospitali walimwagiza asitembee bila yake, na siku hizo sukari ile watu waliipanga foleni tangu alfajiri. Akaifungua, akailowesha kwa maji ya bakuli la mbwa mwenyewe, akapiga goti, na kwa vidole vyake viwili, vile vya kushikia sindano ya darizi, akaingia ndani ya mdomo wa Bela akampaka kwenye fizi. Akachota tena, akapaka. "Bela," alikuwa akimwambia, "Bela, amka. Haya basi. Amka, mama." Nilitoa damu ile huku nalia, na sikukosa mshipa. Punde miguu ikatulia. Macho yakarudi. Bela akalamba midomo, kisha akalamba mkono uliokuwa mbele yake, kote, kiganja mpaka kifundo, na Mzee akauacha.

Tulikaa sakafuni sote watatu. Kisha Mzee Mdahoma akauinua mkono wake, ukichuruzika ute, akautazama kama mtu anayeamka.

"Mize," alisema kwa sauti ndogo. "Tafuta udongo."

Katika ghorofa ya pili ya nyumba ya mawe udongo utautoa wapi? Nilikuwa nimeshageuka kushuka mbio Bi Filomena akasema ngoja. Akaliendea dirisha, akashika mrehani wake wa chunguni, mrehani aliokuwa akiunywesha maji ya chai na kuupunguza kwa mkasi, akaung'oa kwa mizizi, akanipa chungu. Nilimtilia Mzee maji mara saba, ya kwanza kwa udongo, Bi Filomena ameshika beseni na anahesabu kwa sauti asije akaruka moja. Walipofika saba walitazamana, na sijui nani alianza kucheka. Bela naye akaona mambo ni mazuri, akapiga mkia sakafuni.

Kichupa kile nilikipeleka maabara kwa miguu, nusu nakimbia. Rangi iliyotokea ilikuwa hafifu hata nikakinyanyua kioo kwenye mwanga wa dirisha nione kama nilitia dawa kweli. Daktari Vuai alisoma, akasoma tena, kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alinipiga begani. "Unajua maana yake? Ile dozi imemzidi. Anatengeneza yake mwenyewe. Kongosho limeamka, Mize!" Akakohoa, akarudi kwenye umakini wake. "Msimdunge tena. Mpime kila asubuhi wiki hii."

Nikampima. Sukari ikapanda kidogo, ikasimama, ikashuka mahali pake, ikakaa. Mpaka mwisho wa mwaka ilikuwa imekaa. Chupa ya Mombasa iliyobaki Bi Filomena aliiteremsha kwa Mzee mwenyewe, na kidole chake, kilichotutia hofu, kilifunga polepole, akabaki na miguu yote miwili mpaka alipozikwa nayo, miaka mingi baadaye, mzee sana. Bela aliishi mpaka akawa kipofu wa uzee, si wa sukari. Ndugu wa Mombasa alimwandikia dada yake tena kwamba vyumba viko tayari, na Bi Filomena akajibu kwamba ana majirani. Mzee Mdahoma hakuacha kulalamika juu ya nywele na kanzu za mabwana harusi, ila sasa alikuwa akipanda kulalamika mwenyewe, na kulalamika kwenyewe kukawa kunachukua mchana mzima, na kahawa juu yake.

Na mimi sikurudi Bwejuu. Sikumbuki siku niliyokata shauri. Nakumbuka tu kwamba wiki moja, mwaka umeshageuka, alikuja maabara mtu wa Mangapwani, amekuja na kichupa cha damu ya ng'ombe wake kimefungwa kwenye shuka. Alikiweka juu ya meza akawa anarudi nyuma kwenda zake, kwa namna watu walivyozoea, maana tulizoea kuwaambia waje kesho. Nikamwambia asiondoke. Nikamvutia kiti. Nikamuuliza ng'ombe wake anakula vipi, anakunywa vipi, ameanza lini kubadilika, na kabla ya hapo alikuwa na hali gani. Yule bwana alinitazama kwanza kama namtania. Kisha akakaa, akaweka kofia gotini, akaanza kunieleza tangu siku alipomnunua. Nikamsikiliza mpaka akamaliza, ndipo nikawasha jiko la spiriti.